Kumpeleka Mama kwa Kaka

Kaka yangu alipiga simu Jumapili, mama akiwa ndiyo kwanza ametoka kanisani, akasema macho ya mama yatatibiwa Dar es Salaam. Hakuuliza, alisema. Ameshaongea na daktari, nafasi imepatikana, mama aje. Simu nilikuwa nimeishika mimi, nimeongeza sauti ili mama asikie, na nilimwona anavyotabasamu huku ameielekea ile simu. Mimi niliyekuwa nimekaa mbele yake hakunitazama. Roho iliniuma pale pale.

Nieleze jambo moja la kwetu. Sisi wa kijiji cha Daudi, huku juu Mbulu, mtoto wa kiume wa mwisho ndiye anayebaki na nyumba ya wazazi. Wakubwa wanaoa, wanapewa sehemu yao, wanakwenda. Kitinda mimba anabaki na mama. Kaka yangu ni wa kwanza na mimi ndiye wa mwisho, katikati wapo dada zetu ambao wameolewa upande wa Hanang. Kwa hiyo mama ni wangu. Sijigambi, ndivyo ilivyo, hata mtoto wa shule ukimwuliza atakujibu hivyo. Mama akiumwa naamka mimi. Macho yake yalipoanza kuingia ukungu, niliyegundua kwamba anamimina chai nje ya kikombe ni mimi. Halafu mtu anayekuja Krismasi moja, akaruka mbili, anapiga simu na kusema mama aje, kana kwamba Arusha na Moshi hakuna madaktari wa macho.

Nilijua anachotaka. Aliwahi kumwambia mke wangu kwamba mama amekuwa mtu mzima sana, baridi ya Mbulu inamtesa, afadhali akae mahali penye joto. Mke wangu alinipa habari hiyo huku anapepeta maharage, kama jambo la kawaida tu. Siku hiyo sikula vizuri.

Kaka akasema atatuma tiketi za basi. Nikamwambia asijisumbue, nitamleta mama kwa gari langu. Akauliza kama nimewahi kuendesha Dar. Nikamjibu gari ni gari. Sababu yangu sikumwambia. Basi likimshusha mama linageuza na kuondoka, lakini mimi nikimpeleka kwa pikapu yangu, hiyo pikapu itakaa uani kwa kaka ikimngoja, na kila akitoka nje ataiona. Mtu aliyekuleta ndiye anayekurudisha. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu.

Na kuhusu kuendesha, sikuwa na wasiwasi. Pikapu ile inabeba viazi na vitunguu swaumu, nimeishusha Magara wakati ule mteremko ni mawe matupu, nimeivusha udongo mweusi wa Basotu mvua ikinyesha na wenye malori wamekata tamaa. Kwetu mgonjwa akizidiwa masika ninaitwa mimi. Nikajisemea, hata kwa macho yenye ukungu, mama ataona nani kati yetu ni dereva.

Tulipakia maharage, asali na samli. Maharage mama aliyachambua mwenyewe kwa vidole, moja moja, akatoa yote yaliyosinyaa. Yale yaliyosinyaa akasema tutakula sisi.

Tukateremka Magara, Babati, Kondoa, tukalala Dodoma kwa ndugu mmoja wa kanisani. Kesho yake tukaendelea. Hadi Chalinze mambo yalikuwa mazuri, isipokuwa joto. Tulipofika Kibaha kaka akapiga tena. Anataka kuja kutupokea hapo hapo. Pikapu niiache kituo cha mafuta cha rafiki yake, mama ahamie kwenye gari lake lenye kiyoyozi, na mimi pia nipande. Nikamwambia hapana. Basi, akasema, ukifika Mbezi ya Kimara kata kushoto, pita Goba, utatokea karibu na kwangu bila foleni. Nikaona sasa huyu anataka niingie mjini kwa mlango wa uani. Nikaitikia ndiyo, na nilipofika Mbezi nikanyoosha.

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Barabara ilianza kupanuka, ikapanuka tena, mpaka sikujua sehemu yangu ndani yake ni ipi. Kwetu njia ni moja, mnaachiana. Pale kulikuwa na njia nyingi zinazokwenda upande mmoja, na kila niliyoingia nilikuta ni ya watu wenye haraka kuliko mimi. Bodaboda walipita kulia, wakapita kushoto, mmoja akagonga kioo cha pembeni na kukikunja bila hata kugeuka. Simu nilikuwa nimeiwekea ramani, na mwanamke wa ndani ya ramani alikuwa ananielekeza kwa Kiingereza, nami Kiingereza changu kiliishia shuleni. Mama akauliza ni nani huyo anayekuamuru. Nikamwambia ni simu. Akauliza kama kaka naye anaelekezwa na simu. Nikamwambia sijui.

Halafu kuna honi. Kwetu honi ni salamu. Ukimpita jirani anayepalilia unampigia, anainua jembe, umeshamsalimia. Nilipoanza kupigiwa honi Kimara nikawa nainua mkono. Nyuma, pembeni, kila mmoja ananipigia, mimi nainua mkono na kutabasamu. Mama akasema watu wa huku wana adabu, wanasalimia mpaka wageni. Niliinua mkono mara nyingi kabla sijatambua kwamba ninatukanwa.

Foleni ikasimama kabisa. Ndipo mama akafungua kioo. Kwetu huwezi kukaa karibu na mtu namna ile, kiwiko kwa kiwiko, bila salamu, na mdogo ndiye anayeanza. Mama alingoja. Hakuna aliyeanza. Aliona vivuli tu vya watu, basi akaniuliza kwa sauti ya chini, huyu wa upande wangu ni mzee? Nikamwambia ni kijana. Mama akatoa uso dirishani, akasema, "Marahaba."

Yule kijana alikuwa anauza karanga. Alishtuka, akaangalia huku na huku, akasema shikamoo bibi. Mama akaridhika, akahamia kwa mwingine. Kondakta wa daladala alipewa marahaba yake. Mwanamume aliyevaa tai, ndani ya gari jeusi, alipewa marahaba kupitia kioo kilichofungwa, akakiteremsha ili alipe shikamoo anayodaiwa. Watu wakaanza kucheka, wengine wakawa wanasalimia mapema kabla hawajadaiwa. Mimi huku jasho linanitoka, mguu haubanduki kwenye klachi, gari la mbele likisogea natakiwa nisogee kabla wa kushoto hajachomekea, na mama ananiuliza, na huyu je, mzee au kijana? Nakiri nilikuwa nacheka. Ilikuwa ni zamu yangu peke yangu kuwa naye pale, na nilitaka foleni isiishe.

Raha hiyo aliivunja mama mwenyewe. Alirudi ndani, akajifuta jasho na ncha ya kitenge, akasema, kaka yako anapita katika watu hawa kila siku, na bado ni mpole.

Sijui kama ni hayo maneno au ni ugeni, lakini Ubungo nikakosea. Nilitakiwa nibaki chini nikate kushoto kwenda Mwenge. Nikajikuta nimepanda daraja. Mama alihisi tunakwenda juu, akauliza tuko juu ya nini. Nikamwambia juu ya magari mengine. Akashika dashibodi kwa mikono miwili, akacheka kicheko cha msichana, akasema nimwambie kama yale ya chini ni madogo. Nikamwambia ni madogo sana. Furaha ikanijaa kifuani. Nikasahau kwamba tunakwenda kusiko.

Tuliposhuka nikatafuta mahali pa kugeuza, nikaingia kwenye mataa. Taa ilikuwa imeharibika, inamulika njano tu, kila mtu anajipitia. Mbele yangu lori linakuja, likaniwashia taa kubwa mara mbili. Sasa, kwetu, kwenye kona za Magara, gari likikuwashia taa maana yake nimesimama, pita wewe. Ni adabu ya mlimani, ndivyo nilivyofundishwa kuendesha, na ukiikataa unamkosea mwenzako. Nikainua mkono kumshukuru, nikatoa klachi, nikaingia barabarani. Lori halikusimama. Kumbe lilikuwa linaniambia nisithubutu.

Lilipiga breki zake zote. Lilisimama karibu na mlango wa mama kiasi kwamba joto la injini lake liliingia ndani. Pikapu ikazimika. Nikaiwasha, ikakataa. Pande zote honi, na safari hii sikuinua mkono. Dereva wa lori akatoa kichwa akanieleza asili yangu yote. Mama alipapasa kutafuta nilipo. Alinishika goti tu, na mimi nilikuwa nawaza jambo moja, kwamba kaka atasikia.

Trafiki akaja. Alikuwa mwanamke mnene, sare nyeupe, uso umekunjwa. Nikaanza kutafuta leseni kwenye mfuko usio wake. Akafika upande wa mama, akainama, na kabla hajafungua mdomo mama akamwambia, "Marahaba."

Ule uso ukafunguka wenyewe. Akasema shikamoo mama, akaweka mkono juu ya mlango, akauliza tunatoka wapi. Mama akamwambia Mbulu, anakwenda kwa mwanawe mkubwa, ana nyumba Mbezi Beach, anatibiwa macho. Aliyasema hayo kwa Kiswahili chake cha kuunga unga, lakini neno Mbezi Beach alilitamka sawasawa, alikuwa amelifanyia mazoezi. Trafiki akampongeza kwa kupata mtoto anayejali. Kisha akaninyooshea kidole.

"Na huyu anayekuendesha?"

"Huyu ni mdogo wake," mama akasema.

Hakusema ni mwanangu. Alisema ni mdogo wake. Niliyesafiri naye siku mbili, niliyemsimamishia gari kila alipotaka kunyoosha mguu, mimi ni mdogo wake mtu. Nikachanganyikiwa hata nilipoulizwa leseni nikatoa kitambulisho cha kupigia kura.

Trafiki akanirudishia bila kusoma. Akaingia katikati ya barabara, akanyoosha mkono huku, akanyoosha mkono kule, na mji wote ukasimama. Malori, mabasi, bodaboda, wenye tai na wasio na tai, wote wakatungoja sisi. Pikapu ikakubali kuwaka. Niligeuza polepole, kwa mapana, hakuna aliyethubutu kupiga honi. Sijawahi kupewa barabara namna ile na sidhani nitapewa tena. Nikamgeukia mama nione kama ameona.

Mama akasema, kaka yako amewaambia tunakuja.

Nikabadili gia. Kuanzia hapo niliendesha kwa hasira, na ajabu ni kwamba niliendesha vizuri. Hasira ilinifundisha Dar kuliko yule mwanamke wa kwenye simu. Nilichomekea barabara ya Sam Nujoma, nikachomekea Mwenge, nikapiga honi zisizo za salamu. Kwenye barabara ya Bagamoyo mataa yote yalitupokea kijani, upepo ukaingia, mama akasinzia. Nikamwona kwa pembeni, mdomo wazi kidogo, kichwa kinanesanesa. Nikatamani nipitilize niende mpaka Bagamoyo kwenyewe.

Kaka alikuwa amesimama nje ya geti. Nikashuka nikampa shikamoo, maana hata ukiwa na kijicho shikamoo ni lazima. Akasema marahaba mdogo wangu, umejitahidi. Kujitahidi husemwa kwa mtoto aliyeshika nafasi ya ishirini. Akamteremsha mama, akamkumbatia mpaka kitenge kikalegea. Geti lake ni jembamba na mbele yake kuna mtaro. Nikarudi kwenye usukani ili niingize gari. Kaka akanifuata, akanyoosha mkono, akasema lete funguo nikuingizie, hapa pana ujanja wake. Mama amesimama pale, anasikiliza. Ningekataa ningeonekana mtoto. Nikampa. Akaingiza pikapu yangu kinyumenyume, mara moja, mkono mmoja kwenye usukani.

Siku zilizofuata nilikaa kiti cha nyuma. Kaka anaendesha, mama yuko mbele, wanakwenda hospitali, wanarudi, mimi nashika mkoba wa mama. Alikuwa anaendesha kwa utulivu, huku anamwonyesha hiki na kile ambacho mama haoni. Nilitafuta kosa, sikulipata. Nilichopata ni kwamba Kiiraqw chake kimekauka. Alikuwa anaanza sentensi kwa lugha yetu na kuimalizia kwa Kiswahili, na watoto wake ndiyo kabisa, walimtazama bibi yao akiongea kama wanaotazama mvua. Nilifurahi. Roho ya kwa nini ni kitu kibaya, lakini ikikupata inakupa na furaha zake.

Jicho moja likafanyiwa upasuaji, na siku ya kutoa bandeji tulikuwa wote wawili. Nesi akaitoa, mama akapepesa macho, akayafuta, akamwangalia kaka muda mrefu. Akagusa nywele zake. Akamwambia, una mvi, na akaanza kulia, na kaka naye, mtu mzima mwenye tumbo, akalia. Mimi nilikuwa mlangoni nangoja zamu yangu. Ilipofika, mama alinitazama kuanzia juu mpaka chini, akasema shati langu halina kifungo. Mwenzangu alipewa machozi, mimi nikapewa kifungo.

Jioni hiyo kaka akasema sebuleni, kwa upole wake ule, kwamba daktari anataka kumwona mama tena, jicho la pili nalo lina foleni yake, na hata baada ya hapo yeye kaka haoni haraka ya mama kurudi kwenye baridi. Nikasema nitamngoja, gari lipo. Kaka akasema mashamba yangu yatamngoja nani. Nikamwambia mashamba ni yangu. Nikamwambia pia kwamba nyumba ya mama iko Daudi na yeye anajua ni ya nani, na desturi haikuanza na sisi. Sauti yangu ilikuwa imepanda. Watoto wakatoka sebuleni. Kaka alimtazama mama, na mimi nikamtazama mama, na sasa alikuwa anatuona wote wawili.

Alisema kwa Kiiraqw, polepole, ili kaka asipoteze kitu.

"Huyu nilimpeleka kwa mjomba wake akiwa hajajua kujifunga viatu, asome, kwa sababu kwetu hapakuwa na shule ya maana. Alilia njia nzima na mimi sikugeuka nyuma. Wewe nimekupa miaka yangu yote. Yeye nimempa nauli. Niache nikae naye."

Sikuuliza atakaa mpaka lini. Yeye pia hakusema. Alianza kunitafutia sindano na uzi.

Niliondoka asubuhi. Mama alinibariki kwa mkono juu ya kichwa, akaniambia nisikimbize gari. Kaka akasema atanitangulia na gari lake mpaka nitoke kwenye vurugu. Safari hii sikukataa. Tulipita Goba, na kweli haikuwa na foleni. Kila alipokata aliwasha indiketa mapema ili nione, kila nilipoachwa alipunguza mwendo. Kiti cha pembeni yangu kilikuwa na chupa ya maji na mkate niliowekewa na shemeji.

Karibu na Kibaha akaweka gari pembeni. Nikasimama nyuma yake. Nilidhani anataka kuniaga, na nilikuwa nimejiandaa kwa maneno machache. Akaja upande wangu, akaegemea mlango, akawa anachezea kile kioo cha pembeni, anakikunja na kukikunjua. Magari ya mikoani yalikuwa yanapita na upepo wao.

"Mdogo wangu," akasema, "mama anakula nini?"

Sikuelewa. Akasema tangu mama afike kila akiwekewa chakula anasema ameshiba. Shemeji amejaribu wali, amejaribu ndizi, amejaribu mtori. Chai anaigusa tu. Naye kaka anaona aibu kumwuliza mama yake mwenyewe swali kama hilo. Macho yalikuwa mekundu na hakujaribu kuyaficha.

Ningeweza kusema sijui. Nililifikiria hilo, sitadanganya. Kisha nikazima gari.

Nikamwambia akisema ameshiba mara ya kwanza hajashiba, hiyo ni adabu yake, unanyamaza, unakula wewe, halafu unamsogezea bila maneno. Hawezi kula mtu akiwa amesimama. Ugali wake uwe mgumu, na mboga za majani zisitiwe nyanya. Maziwa ayapate yaliyoganda, na yasitoke kwenye friji, yanamwumiza jino la upande wa kushoto, na jino hilo asiulizwe habari zake. Goti likimwuma hasemi, anaanza kuimba wimbo wa kanisani chini chini, ukisikia anaimba mchana mchemshie maji ya kumkanda. Akiamka kabla ya wengine apewe kazi yoyote, hata kuchambua mchele uliokwisha kuchambuliwa, bila hivyo atajiona mgeni. Kaka alikuwa anatingisha kichwa kwa kila neno, midomo inasogea, anakariri kama mwanafunzi.

Aliponiomba nirudie ile ya maziwa, nikairudia. Akaniomba nirudie na ile ya kuimba. Nikairudia nayo, taratibu, mpaka akaishika vizuri, nikajua kwamba kuanzia hapo sina tena kitu cha mama ambacho yeye hana.